Mpangaji wa Namba Nne

Mtu akikuuzia ardhi bila kulalamika hata kidogo, mshukuru, muage, na usirudi kwake tena. Huku kwetu ardhi haiuzwi hivyo. Mwuzaji lazima akukumbushe babu yake aliyeifyeka, akutajie karo ya mtoto, apandishe bei asubuhi na kuishusha jioni huku akiapa kwamba unamuua. Amongin aliyajua haya yote, maana hakuwa mjinga. Alikuwa na hamu tu, na hamu na ujinga hukaa nyumba moja.

Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amewapikia madereva wa trela pale Malaba. Enzi hizo malori yanayovuka kwenda Uganda yalilala foleni siku mbili, siku tatu, na madereva walikula popote penye moshi. Amongin alikuwa na kibanda, sufuria nne na mikono ya kuinua gunia la mahindi peke yake. Kisha mpaka ukapangwa upya, malori yakaanza kuvuka siku hiyohiyo, naye akagundua kwamba miaka yote hiyo alichokuwa akiuza si chakula bali foleni. Aliwaza wiki nzima, akafunga kibanda. Sasa alitaka nyumba za kupangisha.

"Nyumba haingoji lori," alimwambia dada yake. "Inasimama tu, na mwisho wa mwezi inakuletea."

Akamtafuta broka. Aliyempata aliitwa Okiria, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele, ambaye hajawahi kumiliki hata shimo la panya lakini anajua kila ploti inayouzwa kati ya Malaba na Busia. Kwanza alimpeleka penye kinamasi, akamwambia maji yale ni ya msimu, ingawa vyura walikuwa wameshapata wajukuu pale. Ploti ya pili ilikuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake na panga lake. Ya tatu ilikuwa kijiji cha Esirumba, upande wa Korinda, karibu na barabara kuu inayoingia mjini Busia. Udongo mgumu, nguzo ya stima palepale, na mstari wa makonge uliopandwa zamani kuonyesha mpaka. Amongin aliipenda kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Katikati ya ploti palikuwa na kaburi, tuta la udongo lenye msalaba wa mbao ulioandikwa WABWIRE kwa rangi nyeupe.

Mwuzaji, Oduori, alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa kuvua kofia na kuishika mkononi anapoongea na mgeni. Alieleza kwamba marehemu alikuwa mdogo wake. Alifia safarini huko Sudan Kusini, hakuacha mke wala mtoto, na ardhi hii ndiyo fungu alilopewa na baba yao. Bei aliyoitaja ilikuwa ya chini. Amongin alipoiteremsha zaidi, kwa mazoea tu, Oduori alikubali papo hapo.

"Nitanunua," Amongin akasema, "lakini hiyo kaburi itoke. Nani atakuja kupanga hapa na watoto, asubuhi akifungua mlango anaona msalaba?"

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo Mteso kama Amongin ndiye angelifanya. Nyanya yake kule Amukura alikuwa akimsimulia kwamba zamani, mzee aliyekufa akianza kuwasumbua walio hai, mifupa yake ilifukuliwa ikapelekwa kando, watu wakanywa ajon, pombe yao ya wimbi, wakaenda zao. Kwa Amongin, kuhamisha kaburi kulikuwa kazi kama kazi nyingine. Lakini akina Oduori ni Wakhayo. Mkhayo atakuuzia shamba hadi ukuta wa jiko, ila kaburi atalizungushia makonge alibakishe, kwa kuwa kaburi ndilo hatimiliki ya kwanza, kabla ya serikali kuleta zake. Kumwambia ahamishe kaburi la ndugu yake ni kumtukana. Oduori alipaswa kumfukuza kwa panga, yeye na broka wake na pikipiki yao.

Oduori alizungusha kofia mkononi. "Hakuna shida, mama. Jumamosi tutaitoa."

Okiria broka alimtazama, akatazama viatu vyake, akanyamaza. Broka akinyamaza, wewe jua kuna jambo. Amongin aliuona ule ukimya, akauweka mbali, kwa sababu tayari alikuwa akihesabu milango.

Asionekane kwamba alinunua kiholela. Alikwenda ofisi ya ardhi, akapekua, akakuta shamba limeandikwa Oduori, aliyelirithi kwa marehemu Wabwire, cheti cha kifo kipo, mkopo hakuna. Bodi ya ardhi ikaidhinisha. Mpima akaja na vifaa vyake akapanda bikoni nne za mpaka. Karatasi zilikuwa safi kabisa, na Amongin alizibusu zile karatasi nyumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita.

Jumamosi hiyo walihamisha kaburi saa sita mchana. Amongin alitarajia kuona wazee, kanisa, sufuria za chai, wanawake wa ukoo. Akamkuta Oduori na mdogo wake mwingine, Mugeni, na majembe mawili. Hakuna aliyeomba. Hakuna aliyelia. Walichimba haraka, wakiitazama barabara kila mara, hadi wakalifikia jeneza. Lilikuwa la mvule, mbao ambazo mchwa huzipigia hodi na kwenda zake, kwa hiyo lilitoka zima. Wakalipeleka kuelekea bomani kwa Oduori, ng'ambo ya njia, ambako shimo jingine lilikuwa limechimbwa nyuma ya jiko.

Katikati ya njia simu ya Mugeni ililia. Akaachilia pembe yake bila kuangalia, jeneza likainama, na Amongin aliyekuwa akifuata nyuma akaruka akaishika ile pembe.

Mikono ya Amongin inajua uzito. Inajua gunia la kilo tisini na gunia la kilo tisini lililopunjwa. Ilishika ile pembe ikijiandaa kwa uzito wa mtu, na ikapanda juu yenyewe. Ndani kitu kikavu kikateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikichakarisha mbao, kisha kikatulia. Oduori aligeuka akamwona ameshika. Walitazamana. Kisha Oduori akatabasamu kwa upole wake, akasema, "Asante, mama. Mwili ikikaa sana inakauka."

"Inakauka," Amongin akakubali. Usiku ule alijiambia hivyohivyo mara nyingi.

Fundi wake alikuwa Emong, mtu wa kwao, mzee kidogo, mkali wa mdomo na wa timazi pia. Siku ya msingi alisimama kando ya lile shimo lililofukiwa, akauliza kaburi lilihamishwa vipi. Amongin akamweleza. Emong akatema mate.

"Hawa watu hawahamishi kaburi hivyo. Hata siku moja. Sikiza nikuambie, dada. Mtu wao akipotea huko mbali na mwili isipatikane, wanafanya matanga, wanakata mgomba, wanaweka kwa sanduku, wanazika. Mgomba, ile shina yenyewe. Hapa hapakuwa na mtu. Ndio maana waliitoa kama wanatoa viazi."

Amongin akalitazama lile shimo. "Kama hapa ni mgomba, mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Hiyo uliza Juba. Labda alikufa kweli. Labda hakukufa. Mimi nasema tu, usijenge mpaka ujue."

Lori la mawe lilikuwa limeshamwaga. Saruji ilikuwa chini ya turubai, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Uganda. Mvua ikinyesha saruji ingeganda. Amongin aliitazama saruji, akamtazama Emong.

"Weka mawe, fundi."

Emong akaweka mawe. Nami simlaumu Emong.

Vyumba sita vikasimama, mabati mekundu, milango ya chuma yenye namba zilizopakwa rangi nyeupe. Cha kwanza, kinachotazama barabara, Amongin alikifanya hoteli yake, akaendelea kupika. Namba mbili aliingia mwalimu anayefundisha Butula na kurudi kila Ijumaa. Namba tatu mama mmoja wa mitumba, Brendah, na watoto wake. Tano na sita waliingia vijana wa bodaboda. Mwezi wa kwanza kodi ilipoingia, Amongin alikaa nje jioni, akavitazama vyumba vyake, akalia kwa furaha. Kitu chake, kwa jasho lake. Namba nne tu ndiyo ilibaki wazi, ingawa ilikuwa sawa na nyingine.

Mwezi wa pili, wakati wa joto, alikuja mwanamume mwembamba aliyevaa koti zito. Alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki, na alikohoa akiwa amegeukia ukuta, kwa adabu.

"Mulembe, mama. Namba nne iko wazi?"

Alilipa mwezi mmoja. Kabla ya kuingia alikwenda hadi kwenye mstari wa makonge, akarudi akihesabu hatua, akaingia namba nne, akasimama katikati ya sakafu. Amongin alidhani anapima mahali pa kitanda.

Siku ya tatu mpangaji alikuja hotelini akala ugali na samaki. Alipomaliza aliegemea kaunta, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ukoko umetupa?"

Mwiko ulimponyoka Amongin. Kulikuwa na mtu mmoja tu, miaka yote ile ya Malaba, aliyekuwa akiuliza vile. Tanboi, utingo wa lori la njano, kijana mcheshi mwenye mabega mapana, aliyekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria akaulowesha kwa supu ya samaki. Kibanda kizima kilimwita Ukoko. Jina lake la kwao hakuna aliyelijua.

"Ukoko! Wewe ni Ukoko wa lori ya njano!"

"Ulikuwa hujanijua?" Akacheka, kicheko kikaishia kikohozini. "Mimi nilikujua siku ile ya kwanza. Nikasema Mungu si mbaya, angalau ni huyu."

"Ulipotelea wapi? Na jina lako la kwenu ni nani?"

"Wabwire," akasema.

Amongin akakaa juu ya debe la mafuta.

Wabwire alimweleza yote, akila ukoko polepole. Lori lilisimamishwa njia ya Juba, ikasemekana limebeba kitu kisichofaa. Mwenye lori hakuonekana, dereva akakimbia, tanboi akafungwa. Miaka mitano. Mwaka wa kwanza askari mmoja alimwazima simu, akampigia kaka yake Oduori. "Alipokea yeye mwenyewe. Nikamwambia niko hai, nitolewe. Akaniambia ngoja, tunachanga." Wabwire alipangusa sahani kwa kidole. "Wakachanga kweli. Wakanunua jeneza."

Alikuwa amerudi mwezi uliopita, akalazwa kwanza hospitali ya Nangina kwa ajili ya kifua, kisha akaenda kwao. Wake za kaka zake walimfungia mlango. Majirani walikuwa wamekula ng'ombe wa matanga yake, na aliyekula matanga yako huona haya kukusalimia. Mtoto mmoja ndiye aliyemwonyesha mahali alipozikwa, palipo nyumba sasa.

"Sikuja kukufukuza, mama," akasema. "Wewe ulinunua, hukuiba. Nilitaka kwanza nione pahali nililala. Halafu nataka tu kuwa mtu. Bila barua ya chifu sipati kitambulisho. Nikishakuwa hai, hii ploti tutaongea. Vyumba ni sita. Wewe tatu, mimi tatu. Unaona ni mbaya?"

Haikuwa mbaya. Tena ilikuwa haki kuliko haki yenyewe, na mtu mwingine angemkumbatia pale pale. Amongin alimwambia, "Si mbaya, Ukoko," na wakati anasema alimaanisha. Lakini alipolala aliviona vyumba vitatu vikichukuliwa, akaona milango mitatu imegeuka upande mwingine. Akawaza pia karatasi zake. Cheti cha kifo kikianguka, urithi unaanguka. Urithi ukianguka, kilichouzwa kimeuzwa na nani? Ahadi ya mtu mgonjwa mwenye mfuko wa plastiki ingemlinda vipi, na kesho akipata wakili? Aliogopa, na woga ulipokomaa ukaanza kufanana na hasira. Alijiuliza moyoni kwa nini Ukoko hakubaki hukohuko gerezani.

Kesho yake Oduori alikuja na jogoo mwekundu amemfunga miguu. Alimweka jogoo juu ya kaunta.

"Zawadi tu, mama. Sisi sasa ni kitu moja." Akavua kofia. "Nasikia kuna mtu hapa anajiita ndugu yetu. Tapeli kutoka ng'ambo. Jumanne chifu anatuita. Sisi tutasema ndugu yetu tulizika. Lakini sisi ni familia, atasema tunajipendelea. Wewe ni mtu wa nje. Na siku ile ulishika pembe."

"Nilishika," Amongin akasema.

"Basi." Oduori alitazama mabati mekundu, akatazama milango mmoja baada ya mwingine, taratibu, hadi wa mwisho. "Mimi nikianguka, mama, naanguka kwa shamba ya baba yangu. Wewe ukianguka, unaanguka wapi? Malaba? Malori hayasimami tena."

Alipoondoka, jogoo alibaki akimtazama Amongin kwa jicho moja. Hakumrudisha. Alimchinja Jumatatu, akawauzia watu wa bodaboda, na bakuli moja la supu akampelekea Wabwire namba nne. Wabwire alishukuru sana.

Jumanne asubuhi walikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi. Chifu msaidizi alikuwa kijana aliyehamishiwa hapo majuzi, hamjui mtu, na alitaka mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Wabwire alieleza. Alitaja jina la baba yao, ng'ombe aliyevunjika mguu wakati wa utoto wao, kovu la Mugeni la jembe lililo chini ya soksi. Mugeni alirudisha mguu chini ya benchi. Oduori alisikitika kwa upole, akasema siku hizi matapeli wanasoma watu hadi makovu yao.

"Kufukua kaburi kunahitaji korti," chifu msaidizi akasema. "Na korti itataka kujua anayelalamika ni nani. Karatasi inasema huyu mtu alikufa. Kwa hivyo mimi nauliza mtu mmoja tu ambaye si wa familia. Mama, uliona hilo jeneza likihamishwa?"

"Niliona."

"Uliligusa?"

"Nilishika pembe moja."

"Ndani kulikuwa na mtu, ama hakukuwa?"

Wabwire alimgeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo Amongin hatalisahau. Alimtazama kwa uso wa mtu aliyekula kwako miaka mingi, anayejua kwamba mpishi wake hatamtilia sumu. Amongin aliona ile midomo ikitaka kutabasamu. Kisha akaona milango sita.

"Lilikuwa zito," akasema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, ikamshangaza. "Lilikuwa zito sana. Lilinishinda."

Chifu msaidizi akaandika. Oduori akavaa kofia.

Wabwire hakupiga kelele. Aliinama, akakohoa kwa muda mrefu ndani ya kitambaa, akakikunja kitambaa haraka, akasimama na kuanza kutembea. Amongin alipanda pikipiki akapitia mjini makusudi, achelewe. Alipofika nyumbani alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha namba nne, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, mama," akamwambia, kama yeye ndiye mwenyeji.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Amongin ilifika mwisho wa mwezi. Alikwenda kudai kodi, Wabwire akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kodi ya nani? Maiti halipi kodi."

"Basi utoke, Ukoko. Nakuomba. Nitakupa nauli uende popote."

"Maiti hahami pia. Mimi nilihamishwa mara moja, imetosha."

Alimwita Emong, akamwambia ang'oe mlango wa namba nne, dawa ya mpangaji sugu tangu zamani. Emong aliung'oa, akauegemeza ukutani, akamtazama mtu aliyelala ndani juu ya mkeka, kisha akamwambia Amongin atafute fundi mwingine kuanzia leo. Wabwire akatundika shuka mahali pa mlango. Upepo ulipolipeperusha, watoto wa Brendah walimwona amelala chali, mikono kifuani, katikati kabisa ya sakafu, mahali penyewe pa lile kaburi.

Amongin akarudi kwa chifu msaidizi kuomba barua ya kumtoa. Yule kijana akachukua kalamu.

"Jina la mpangaji?"

Amongin akasema ni yule wa namba nne.

"Mama, nani anakaa kwa hiyo nyumba?"

Angeweza kulitaja. Lilikuwa jina moja tu, fupi, na lingemrudishia Wabwire uhai wake wote. Lakini lingeandikwa, na kando yake lingeandikwa neno "zito" la Jumanne ile, na chifu angeuliza lipi ni la kweli. "Simjui," akasema. Chifu msaidizi akaweka kalamu chini, akamwambia mtu asiyejulikana hafukuzwi kwa barua, aende polisi. Amongin hakwenda polisi. Polisi nao wangeuliza jina.

Lisemwalo lipo. Habari zilianza kwenye maji, zikaenda sokoni, zikarudi na miguu minne: kwamba kwa yule mama Mteso, namba nne analala marehemu. Mwalimu wa Butula alikuja Ijumaa akachukua godoro lake. Vijana wa bodaboda, ambao hawaogopi trela wala askari, waliondoka siku moja bila kudai salio. Brendah alikuwa wa mwisho. Alipakia watoto na mitumba kwenye mkokoteni, akamwambia Amongin bila hasira, "Mimi siamini mambo ya mizimu, mama. Nimeona tu vile unaogopa kupita hapo, nikasema wewe unajua kitu."

Okiria alileta watu wa kutazama vyumba, mara mbili. Mara zote mbili mtu aliye nyuma ya shuka alikohoa, na watu wakakumbuka shughuli zao. Oduori hakuonekana tena. Jamaa zake walisema amenunua trekta.

Hotelini nako wateja walikwisha. Amongin aliendelea kupika kwa mazoea, ugali wa mtu mmoja, kisha wa watu wawili. Alikuwa na chuki na Wabwire, alimchukia kila alipoamka. Na kila saa saba mchana alijikuta anakwangua ukoko kwenye sufuria, anaulowesha kwa supu, anavuka ua. Hakujua kama alikuwa akimlisha mpangaji, mwenye ardhi, au anapeleka chakula kaburini. Aliwahi kumwambia, huku machozi yakimtoka, kwamba kesho atakwenda kwa chifu aseme ukweli. Wabwire alimwambia, "Sawa." Kesho ikafika, Amongin akavitazama vyumba vyake sita, akasema kesho.

Jumapili moja alasiri alimkuta ameegemea ukuta, shuka limefungwa kando ili apate hewa. Mifupa ya uso ilikuwa imetoka. Kitambaa kilikuwa sakafuni, hakukikunja tena.

"Twende Nangina," Amongin akasema. "Nitalipa gari. Walikupa dawa mara ya kwanza, watakupa tena."

"Wale wanatibu watu." Wabwire alipokea sahani, akaiweka juu ya magoti. "Mimi nangoja tu. Lakini kuna kitu nimefikiria, mama. Kwa Oduori kuna mgomba umelala mahali pangu, na hawatanipokea. Kwetu mtu anazikwa kwa shamba yake." Akagonga sakafu kwa kisigino, polepole, mara tatu. "Itabidi mvunje hii saruji. Hapa hapa."

Amongin akapatazama pale alipogonga.

"Na siku hiyo uwepo, tafadhali. Nataka ushike ile pembe tena. Sasa litakuwa zito. Hakuna mtu atasema ulidanganya."

Alisema bila uchungu, kama anavyoagiza chakula. Kisha akala ukoko hadi ukaisha, akakohoa, akamnyooshea sahani. Amongin akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa sahani tupu ya bati, na ilimshinda.